Duka la Simu, Wakala wa Mtandaoni au Mlangoni kwa Mteja: Programu Yako Uiuze Wapi?

Swali linaloulizwa mara nyingi na vijana wanaoandika programu hapa Arusha na kule Moshi ni duka gani la mtandaoni linalokata kamisheni ndogo. Ni swali halali, kwa kuwa tofauti kati ya asilimia 15 na asilimia 30 ni mshahara wa mtu, lakini halipaswi kuulizwa kwanza. Kabla duka halijakata chochote, limekwisha kuamua jambo kubwa zaidi, nalo ni bei ambayo mnunuzi wa humo ameizoea. Programu moja yaweza kuonekana ghali kwa dola moja mahali pamoja, na mahali pengine ikalipiwa shilingi 150,000 kila mwezi bila ubishi, ingawa hakuna hata mstari mmoja wa msimbo wake uliobadilishwa. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitaiangalia kamisheni, lakini nitaitanguliza bei, kwani asilimia 85 ya kitu kidogo bado ni kidogo.

Njia ninazozilinganisha ni nne: maduka ya simu, yaani App Store na Google Play, mawakala wa mauzo wa mtandaoni kama Paddle, Lemon Squeezy na Gumroad, maduka ya michezo ya kompyuta kama Steam na itch.io, na kuuza moja kwa moja, kwa mkataba na malipo ya simu. Njia hizi hazina uzito sawa kwa mtu wa huku kwetu, kwa hiyo sitazipa nafasi sawa. Katika hesabu zote nimechukua dola moja kuwa shilingi 2,500 ili namba zifuatike kwa urahisi, na msomaji aweke kiwango cha siku anayosoma. Viwango vya kamisheni ni vile vilivyotangazwa na wenye maduka, navyo hubadilika, hasa katika kipindi hiki ambapo kesi za Epic Games, kampuni ya michezo ya kompyuta, dhidi ya Apple na Google nchini Marekani zimewalazimisha wenye maduka hayo kulegeza baadhi ya masharti yao.

Maduka ya simu

App Store ilifunguliwa tarehe 10 Julai 2008 ikiwa na programu 500, na mgawanyo wake ulikuwa mwepesi kueleweka: asilimia 70 kwa mtengenezaji, asilimia 30 kwa Apple. Google ilifungua duka lake mwaka huohuo kwa jina la Android Market, ikaliita Google Play mwaka 2012, na mgawanyo ukawa uleule. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2021 Apple ilishusha kamisheni hadi asilimia 15 kwa wenye mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka, na Google nayo ikaanza kukata asilimia 15 katika dola milioni moja ya kwanza ya kila mwaka. Kwa vitendo, basi, mtengenezaji mdogo wa Arusha anapaswa kukatwa asilimia 15 katika maduka yote mawili. Nasema anapaswa kwa sababu punguzo hilo haliji lenyewe: katika duka la Apple inabidi uombe kujiunga na mpango wa wafanyabiashara wadogo, na kwa Google inabidi ukamilishe taarifa za akaunti yako kabla ya kuandikishwa. Asiyefanya hivyo huendelea kukatwa asilimia 30.

Gharama ya kuingia nayo inatofautiana. Google hutoza dola 25 mara moja tu, ilhali Apple hutoza dola 99 kila mwaka, ambazo kwa kiwango chetu ni karibu shilingi 250,000. Kwa kijana ambaye bado hajauza kitu, tofauti hiyo pekee inatosha kumfanya aanze na Google. Lakini Google ina sharti ambalo wengi hulikuta wakiwa wamekwisha kuwatangazia marafiki tarehe ya uzinduzi: akaunti za watu binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haziruhusiwi kutoa programu kwa umma mpaka ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20. Kwa mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha au wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi sharti hilo si gumu, kwa kuwa darasa zima lina simu za Android, lakini lipangwe mapema, na wajaribio waambiwe kwamba akijitoa mmoja katikati, idadi inaweza kupungua na hesabu ya siku ikaharibika.

Hayo ni masharti ya mlangoni. Jambo zito ni lile linalotokea kwenye bei ukishaingia. Mwenye duka la simu hategemei bei ya programu yako ili aishi. Apple huuza simu na kompyuta, Google huuza matangazo, na kwao programu nyingi zilizo rahisi ni kivutio kinachokifanya kifaa kipendwe. Apple yenyewe ilionyesha mwelekeo huo kwa bidhaa zake: mfumo endeshi wa kompyuta zake uliuzwa dola 129 mwaka 2007, ukashuka hadi dola 29 mwaka 2009, ukauzwa dola 19.99 mwaka 2012 ndani ya duka lake la mtandaoni, na kuanzia mwaka 2013 ukatolewa bure. Apple iliweza kufanya hivyo kwa sababu gharama ilikuwa imerudi kwenye bei ya kompyuta. Mtengenezaji wa Njiro asiyeuza kompyuta yoyote hana mahali pa kuirudisha, lakini mnunuzi aliyezoeshwa kupata bure hamtofautishi na Apple.

Kuna sababu nyingine, nayo imo katika mpangilio wa duka lenyewe. Ukitafuta kikokotoo, daftari la madeni au programu ya kukariri maneno, unapata orodha ndefu ya bidhaa zinazofanana, kila moja ikiwa na picha ndogo, nyota na bei. Mnunuzi hawezi kujua ni ipi iliyoandikwa kwa uangalifu, ila anaona ni ipi ya bure. Kwa kuwa kutoa nakala moja zaidi hakumgharimu mtengenezaji karibu chochote, daima yupo atakayeshusha bei chini ya mwenzake, mpaka bei ifike sifuri na mapato yahamie kwenye matangazo, kwenye manunuzi ya ndani ya programu, au kwenye usajili wa kila mwezi. Wenye maduka waliusukuma usajili huo: mwaka 2016 Apple ilianza kukata asilimia 15 badala ya 30 kwa msajiliwa aliyepita mwaka mmoja. Ndiyo maana programu nyingi ambazo zamani zingenunuliwa mara moja leo zinadai malipo kila mwezi. Silaumu mabadiliko hayo, kwa sababu programu inahitaji kutunzwa kila mwezi, lakini mtengenezaji ajue kwamba mteja wa usajili humhesabia kosa lolote kuwa sababu ya kuondoka.

Kwa soko la ndani lipo tatizo la tatu. Duka la simu limejengwa kwa kumdhania mnunuzi kuwa na kadi ya benki iliyounganishwa na akaunti yake. Mama mwenye duka la vipodozi pale Mbuyuni, Moshi, ambaye angefaidika sana na daftari la madeni, hulipa kila kitu kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas. Anazo fedha na yupo tayari kulipia, lakini mara nyingi kitufe cha kununua kilichowekwa mbele yake si cha kwake. Mtengenezaji anayeona programu yake imepakuliwa na watu wengi lakini imelipiwa na wachache mno asikimbilie kusema Watanzania hawapendi kulipia. Aangalie kwanza kama amewapa njia ya kulipa wanayoitumia.

Pamoja na hayo yote, kuna kazi ambazo kwangu hazina mahali pazuri pa kuuzwa kuliko duka la simu. Mfano ni programu ya kumfundisha Kiswahili cha safari mgeni anayejiandaa kupanda Kilimanjaro. Mnunuzi wake yuko Ujerumani au Marekani, ana kadi, anaamini duka kuliko anavyoiamini tovuti ya mtu asiyemjua, na wewe huna njia ya kumfikia kabla hajapanda ndege. Kwa bei ya dola 5 utabaki na dola 4.25 ukiwa katika kiwango cha asilimia 15, na dola 3.50 ukisahau kujiandikisha. Kwa kamisheni hiyo duka linakuletea mnunuzi, linapokea malipo, linashughulikia kodi ya mauzo katika nchi nyingi, linamrudishia fedha asiyeridhika na linasambaza matoleo mapya. Google hulipa takriban tarehe 15 ya mwezi unaofuata; Apple hulipa ndani ya siku 45 tangu mwezi wake wa hesabu ufungwe. Huo ni muda wa kuuweka akilini kama kodi ya chumba inategemea fedha hizo.

Mawakala wa mauzo wa mtandaoni

Njia ya pili inamfaa anayeuza programu ya kompyuta, programu-jalizi (za kuongezea uwezo programu nyingine), violezo au huduma ya mtandaoni kwa watu wa nje kupitia tovuti yake mwenyewe. Kisheria anayemuuzia mteja ni wakala: ndiye anayetoa ankara, anayekusanya VAT ya nchi ya mnunuzi na kuiwasilisha, na anayejibu mnunuzi akibisha malipo. Wewe unapokea kilichobaki. Kwa mtu mmoja anayefanya kazi kutoka Tengeru, kuondolewa mzigo wa VAT za nchi za Ulaya peke yake ni msaada mkubwa.

Paddle na Lemon Squeezy hutoza asilimia 5 na senti 50 za dola kwa kila muamala, ingawa Lemon Squeezy huongeza tozo kwa baadhi ya malipo ya kimataifa. Gumroad hutoza asilimia 10 na senti 50 mteja akija kupitia kiungo chako, na asilimia 30 akipatikana kupitia soko la ndani la Gumroad. Ukitazama asilimia tu, asilimia 5 inalishinda duka la simu kwa mbali. Ziweke sasa senti 50 ndani ya hesabu. Kwa bidhaa ya dola 5, asilimia 5 ni senti 25, na ukiongeza senti 50 unafika senti 75, ambazo ni asilimia 15 kamili, sawasawa na Google. Kwa bidhaa ya dola 1 utakatwa senti 55, yaani zaidi ya nusu, na ndiyo maana Paddle huwataka wanaouza chini ya dola 10 wazungumze nayo kuhusu kiwango maalumu. Lakini kwa bidhaa ya dola 50 makato ni dola 3 tu, yaani asilimia 6, wakati duka la simu lingechukua dola 7.50 hata katika kiwango chake cha chini.

Kwa hiyo mpaka uko wazi: chini ya dola 5 wakala wa asilimia 5 ni ghali kuliko duka, juu ya dola 5 ni nafuu, na unafuu huongezeka kadiri bei inavyopanda. Lipo na jambo la pili ambalo kwangu lina uzito kuliko makato. Kwenye tovuti yako mteja anaiona bidhaa yako peke yake, haioni katikati ya nyingine ishirini zinazofanana nayo. Unaweza kueleza kwa kirefu inachofanya, kuonyesha kazi iliyokamilika, kuweka bei tofauti kwa mtu mmoja na kwa kampuni, na kupandisha bei unapoongeza kitu cha maana. Bei ya dola 50, ambayo kwenye duka la simu ingemshangaza mtu, hapa ni ya kawaida. Gharama yake ni kwamba hakuna anayepita njiani. Tovuti isiyotafutiwa wageni haina mauzo, na kazi hiyo ya kuwatafuta, kwa makala, kwa video na kwa kujibu maswali ya watu wa fani hiyo, itakula nusu ya wiki yako.

Kabla ya kuchagua wakala yeyote, uliza kwanza fedha zitafikaje Tanzania. Kuna huduma kubwa za malipo, Stripe ikiwa mojawapo, ambazo hazimfungulii akaunti moja kwa moja mfanyabiashara wa hapa, na hiyo ni sababu nyingine ya mawakala hawa kuhitajika. Paddle hulipa kwa uhamisho wa benki au kupitia Payoneer. Kila hatua ina makato yake, na uhamisho wa kimataifa wa fedha kidogo unaweza kuliwa na ada za benki, kwa hiyo ni busara kuacha salio likue kabla ya kulitoa.

Michezo ya kompyuta

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa uchaguzi ni mfinyu. Steam hukata asilimia 30, ikishuka hadi 25 mapato ya mchezo yakivuka dola milioni 10 na hadi 20 yakivuka dola milioni 50, viwango ambavyo mtengenezaji wa peke yake hana haja ya kuvipigia hesabu. Kuingiza mchezo mmoja ni dola 100, ambazo hurudishwa mauzo yakifika dola 1,000. Duka la Epic lilianza mwaka 2018 na kamisheni ya asilimia 12, na tangu katikati ya mwaka 2025 halikati chochote katika dola milioni moja ya kwanza ya kila mchezo kwa mwaka. Itch.io humwachia mtengenezaji aamue mwenyewe ni asilimia ngapi atatoa, na asipochagua hukatwa 10.

Kitu ambacho kinawagusa Watanzania moja kwa moja, na ambacho sikioni kikielezwa vya kutosha, ni kodi ya Marekani inayozuiwa na Steam kwenye mauzo ya wanunuzi walioko Marekani. Kiwango cha kawaida ni asilimia 30 ya sehemu yako, na hupungua kwa wakazi wa nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani. Tanzania haina mkataba huo. Mchezo wa dola 10 ukinunuliwa na mtu wa Chicago, Steam inachukua dola 3, zinabaki 7, kisha inazuia asilimia 30 ya hizo 7, yaani dola 2.10, na wewe unapata dola 4.90. Mnunuzi huyohuyo angekuwa Uingereza, usingezuiwa kodi hiyo ya Marekani. Hata hivyo, bado ningemshauri mwenye mchezo wa kompyuta auweke Steam, kwa sababu wanunuzi wako huko, na atumie itch.io kujaribishia toleo la mwanzo na kupata maoni. Ila apange bei yake akijua kwamba kwa mnunuzi wa Marekani anabaki na chini ya nusu.

Kuuza mlangoni kwa mteja

Arusha ina jambo ambalo miji mingi ya ukubwa wake haina: kampuni nyingi sana za utalii zilizobanana ndani ya eneo dogo, zote zikifanya kazi ileile kila siku kwa namna inayokaribiana. Nenda kwenye ofisi ya kampuni ndogo ya safari saa moja jioni, uone anayetengeneza kotesheni. Barua pepe imetoka Uholanzi: watu wanne, siku saba, Tarangire, Serengeti na Ngorongoro. Anafungua faili la Excel lililonakiliwa kutoka la mwaka jana, anabadilisha tozo za hifadhi na VAT yake, anatafuta bei ya kambi kwa msimu huo, anakadiria lita za dizeli, posho ya dereva na ya mpishi, kisha anaongeza faida. Kosa moja kwenye mstari wa tozo laweza kumaliza faida ya safari nzima, na kotesheni ikichelewa hadi kesho kutwa, mteja amekwisha kujibiwa na kampuni nyingine.

Programu inayofanya kazi hiyo kwa dakika kumi bila kukosea haishindani na vikokotoo vya bure. Inalinganishwa na hasara ya safari moja iliyokosewa. Mwenye kampuni hamuulizi muuzaji kwa nini isiwe dola moja. Anauliza kama italeta bei mpya za hifadhi zikibadilika Julai, na kama wewe utapokea simu mtandao ukikwama. Kwa hiyo shilingi 150,000 kwa mwezi ni bei inayozungumzika. Wateja 20 wa namna hiyo ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Kupata kiasi hichohicho kwa programu ya dola 1 kwenye Google Play, ambako kila mauzo yangekuachia shilingi 2,125, ungehitaji wanunuzi wapya 1,412 kila mwezi, bila mwezi hata mmoja wa kupumzika. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro anaielewa tofauti hii vizuri: kahawa iliyopelekwa mnadani hupata bei inayofuata daraja lake, lakini iliyouzwa moja kwa moja kwa mchomaji anayelijua shamba huweza kujadiliwa bei yake yenyewe.

Njia hii haina kamisheni, lakini ina gharama, na nyingine hazionekani mpaka uzikute. Kwanza ni miguu: maonyesho ya ofisini, kuwafundisha wafanyakazi, kuwafundisha tena wanapobadilika. Pili ni ukusanyaji. Duka la mtandaoni halijui kauli ya "pita wiki ijayo", lakini wewe utaisikia. Tatu ni msimu. Mvua za masika zikianza, Aprili na Mei, magari yanaegeshwa na mwenye kampuni anatafuta gharama za kukata, na malipo ya mwezi ya programu ndiyo ya kwanza kuonekana. Dawa yake ni kuuza leseni ya mwaka mzima na kuidai kati ya Julai na Septemba, wakati fedha za wageni zinaingia, kwa punguzo la mwezi mmoja au miwili. Nimeona mpangilio huo ukiwafaa wote wawili, muuzaji na mnunuzi, kuliko ubishi wa kila tarehe mosi.

Nne ni sheria, na hapa uangalifu unalipa. Kampuni iliyosajiliwa itataka risiti ya EFD, na inapokulipa kwa huduma ya kitaalamu inatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuiwasilisha TRA, kwa hiyo kwenye ankara ya shilingi 150,000 utapokea 142,500. Dai hati ya zuio hilo kila mara, kwa kuwa ni kodi uliyokwisha kulipa. Kizingiti cha kusajiliwa VAT ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na wateja wetu 20 wanaleta milioni 36, kwa hiyo hapo bado uko mbali. Bei iandikwe kwa shilingi: kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, hata kama mteja wako mwenyewe anawauzia wageni kwa dola. Hilo linakuachia mzigo kidogo, kwani seva unailipia kwa dola, kwa hiyo weka kwenye mkataba kifungu cha kupitia bei kila mwaka. Na kwa kuwa mfumo wa namna hii hutunza majina na namba za pasipoti za wageni, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, wewe na mteja wako, ikiwa ni pamoja na kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa upande wa kupokea malipo, lipa namba ya mtandao wa simu au ya benki inatosha kwa kuanzia. Wateja wakizidi kumi, tumia kampuni inayounganisha mitandao yote ya malipo ili mfumo wako utambue wenyewe nani amelipa. Makato yake yatakuwa madogo kuliko kamisheni nyingi nilizozitaja juu, na yatakuokoa usiku wa kulinganisha meseji za malipo na daftari.

Namna ya kuchagua

Mimi ningeanza kwa kujiuliza nani atakayemleta mteja. Kama ni duka litakalomleta, kama yule mgeni wa Ujerumani, basi kamisheni ya asilimia 15 ni malipo ya haki kwa kazi ambayo usingeiweza. Kama wewe ndiye uliyemfuata mteja ofisini kwake, ukamwonyesha mfumo na kumfundisha karani wake, hakuna sababu ya kumpitisha kwenye duka litakalokata kipande cha mauzo ambayo halikuyatafuta.

Njia hizi pia zinaunganika. Kampuni ya safari iliyokulipa kwa mkataba inaweza kutaka madereva wake waone ratiba kwenye simu. Weka programu ya simu bure kwenye duka, ambayo haifunguki bila akaunti ya kampuni iliyokwisha kulipiwa nje. Kanuni za Apple zinaruhusu programu zinazouzwa moja kwa moja kwa taasisi kwa ajili ya wafanyakazi wake kufanya hivyo bila kamisheni, na Google inaruhusu programu inayotumia tu kilichonunuliwa mahali pengine, mradi haina kitufe cha kuuza ndani yake. Kwa njia hiyo duka linafanya kazi ya kusambaza na kusasisha, na bei inabaki mikononi mwako. Mtengenezaji wa Moshi mwenye programu ya daftari la madeni naye anaweza kufuata njia ileile kwa kuwauzia AMCOS (ushirika wa wakulima) au VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) leseni ya kikundi kizima, kilipe mara moja kwa simu, kisha kila mwanachama apakue bure.

Ambaye sitamshauri aende mlangoni kwa wateja ni yule ambaye bidhaa yake inauzika kwa kiasi kidogo kwa mtu mmojammoja aliye mbali, hata kama anachukia kukatwa. Gharama ya kumfuata mteja wa shilingi 5,000 hadi Boma Ng'ombe itazidi kamisheni ya duka lolote. Na ambaye sitamshauri aanzie kwenye duka ni yule mwenye mfumo wa biashara, hata kama duka linaonekana kuwa njia fupi ya kujulikana, kwa sababu bei ya kwanza aliyoiona mteja ndiyo atakayoishikilia. Ukishamwonyesha mwenye kampuni kwamba programu yako inauzwa dola 2 kwenye simu, mazungumzo ya shilingi 150,000 hayatafunguka tena, na kampuni ya jirani yake itaambiwa bei hiyo kabla hujafika kubisha hodi.